Mfupa ukivunjika kwa jambo dogo, uliza sababu

Miaka miwili iliyopita, mama mmoja wa miaka 66 aliletwa katika kliniki yangu hapa Meru akiwa ameushikilia mkono wake wa kulia. Alikuwa ameteleza kwenye nyasi zenye umande alipokuwa akienda kukama ng'ombe. Alijikinga kwa kiganja, na mfupa ulio karibu na kifundo cha mkono ukavunjika. Nilimtuma kupigwa picha ya eksirei, nikamfunga plasta, na baada ya wiki 6 plasta ikatolewa. Mkono ulikuwa umeunga vizuri. Tuliagana kwa furaha, nami nikaifunga faili yake.

Mwaka huu mama huyo alianguka tena, safari hii ndani ya nyumba yake, alipokuwa akiinuka kutoka kwenye kigoda. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala hakugongwa na gari. Hata hivyo, mfupa wa nyonga ulivunjika. Alifanyiwa upasuaji, na leo hawezi kutembea bila fremu ya kujiegemeza. Kahawa yake huchumwa na watu wengine.

Binti yake aliniuliza, "Daktari, kwani hakuna kipimo ambacho kingetuonya mapema?"

Kipimo kipo, na kosa lilikuwa langu. Niliutibu mkono uliovunjika bila kuuliza kwa nini ulivunjika kwa jambo dogo kama lile. Nimeandika makala haya ili wewe, mpenzi msomaji, uulize swali hilo hata daktari wako akilisahau.

MIFUPA HUISHA KIMYAKIMYA

Watu wengi hudhani mfupa ni kitu kikavu kama jiwe. La, mfupa ni kiungo kilicho hai. Kila siku mwili huvunja sehemu ndogo ndogo za mfupa mkuukuu na kujenga mpya mahali pake. Katika ujana ujenzi huzidi ubomoaji, na kufikia umri wa miaka 30 hivi mtu huwa na mifupa imara kuliko wakati mwingine wowote maishani. Kuanzia hapo, ubomoaji huanza kushinda polepole.

Kwa wanawake, mambo hubadilika zaidi hedhi inapokoma. Homoni ya estrojeni, ambayo huilinda mifupa, hupungua, na kwa miaka kadhaa inayofuata mwanamke hupoteza madini ya mifupa kwa kasi. Wanaume nao hupoteza, lakini kwa mwendo wa taratibu zaidi.

Mifupa inapokuwa myepesi na yenye matundu mengi kiasi cha kuvunjika kwa urahisi, ugonjwa huo huitwa osteoporosisi. Ufananishe na nguzo ya nyumba iliyoingiwa na mchwa. Kwa nje nguzo ni ile ile, na rangi yake haijabanduka. Ndani imebaki maganda. Mwenye nyumba hugundua siku ile paa linapomwangukia.

Ugonjwa huu hauumi mpaka mfupa uvunjike. Maumivu ya magoti na viungo ambayo wazee wetu hulalamikia wakati wa baridi ya Julai aghalabu hutokana na maradhi mengine. Mifupa inayovunjika zaidi kwa ugonjwa huu ni ile ya kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo, na nyonga. Pingili huweza kubonyea polepole bila mtu kuanguka kamwe. Ukiona mzee amepungua kimo au mgongo umeanza kupinda, usiseme tu kwamba ni uzee.

KIPIMO CHENYEWE

Eksirei ya kawaida huonyesha vizuri mfupa uliovunjika, lakini haifai kupima madini yaliyomo. Mpaka eksirei ionyeshe kwamba mfupa umefifia, mtu huwa amekwisha kupoteza karibu thuluthi moja ya madini yake au zaidi. Huko ni kuchelewa.

Kipimo kinachotegemewa na madaktari ulimwenguni huitwa deksa. Mashine ya deksa hupitisha mwilini miali ya eksirei ya nguvu mbili tofauti. Nyama na mafuta huizuia miali hiyo kwa namna moja, na mfupa huizuia kwa namna nyingine. Kompyuta hulinganisha tofauti hiyo na kukadiria wingi wa madini kwenye mfupa. Sehemu zinazopimwa kwa kawaida ni nyonga na sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Iwapo sehemu hizo haziwezi kupimika, kwa mfano kwa mtu aliyewekewa vyuma, mkono chini ya kiwiko hupimwa badala yake.

Huna haja ya kuogopa. Utalala chali juu ya kitanda cha mashine, na mkono wa mashine utapita juu yako. Hakuna sindano wala kuingizwa ndani ya tundu. Kazi yote huchukua kati ya dakika 10 na 20. Mionzi utakayopata ni kidogo kuliko ile ya eksirei moja ya kifua.

Matayarisho ni machache. Usimeze tembe za kalisiamu kwa saa 24 kabla ya kupimwa. Vaa nguo zisizo na zipu wala vifungo vya chuma. Kama hivi majuzi ulinyweshwa au kudungwa dawa ya kung'arisha picha za hospitali, mweleze mhudumu, kwani huenda ukaambiwa urudi baada ya siku kadhaa. Mwanamke mjamzito, au anayeshuku kuwa mjamzito, aseme kabla ya kulala kitandani.

Nitoe onyo hapa. Katika kambi za matibabu ya bure na katika baadhi ya maduka ya dawa, kuna mashine ndogo za kupima kisigino kwa mawimbi ya sauti. Hizo zaweza kudokeza tu kwamba mtu yuko hatarini. Hazitoshi kuthibitisha ugonjwa, wala haziwezi kufuatilia maendeleo ya matibabu. Kuna nyingine ambazo mtu hushikishwa kijiti mkononi, kisha karatasi hutolewa yenye orodha ya magonjwa yote mwilini, mifupa ikiwemo. Hizo hazipimi mfupa hata kidogo. Usizitolee pesa zako.

NAMNA YA KUSOMA MATOKEO

Wagonjwa wengi huniletea karatasi ya deksa wakiwa na wasiwasi kwa sababu imejaa nambari. Nambari ya kutafuta kwanza ni alama ya T. Alama hii hukulinganisha na kijana mwenye afya, yaani mtu aliye katika kilele cha nguvu za mifupa. Sufuri maana yake ni kwamba uko sawa naye. Alama ya hasi maana yake ni kwamba uko chini yake.

Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilitoa mipaka inayotumika hadi leo. Alama ya hasi 1 kwenda juu ni ya kawaida. Kati ya hasi 1 na hasi 2.5, madini yamepungua lakini ugonjwa haujafika. Hasi 2.5 au chini zaidi ni osteoporosisi. Kumbuka kwamba kwenye alama za hasi, nambari ikizidi kuwa kubwa hali huwa mbaya zaidi. Hasi 3 ni mbaya kuliko hasi 2. Kama nyonga na mgongo vina alama tofauti, ile ya chini zaidi ndiyo ya kuzingatiwa.

Mipaka hiyo ni ya wanawake waliokwisha kukoma hedhi na wanaume wa miaka 50 na zaidi. Kwa walio wachanga kuliko hao, daktari hutazama alama ya Z, ambayo humlinganisha mtu na wenzake wa rika lake. Ikiwa hasi 2 au chini yake, ni lazima itafutwe sababu nyingine inayoila mifupa.

Katika wazee kuna mtego mmoja. Mgongo ulioota vijipembe vya mfupa kwa sababu ya uchakavu wa viungo waweza kuonekana imara kwenye mashine ilhali si imara. Ndiyo maana hatutegemei alama ya mgongo peke yake.

JE, MWAFRIKA HAPATI UGONJWA HUU?

Nilipokuwa mwanafunzi, somo hili lilipitiwa haraka, kana kwamba osteoporosisi ni ugonjwa wa mabibi wa Kizungu. Nadhani fikira hizo zilichangia kosa langu.

Ukweli ni kwamba wanawake weusi wa Marekani, kwa wastani, wana mifupa yenye madini mengi kuliko wanawake Wazungu wa huko, na huvunjika mara chache zaidi. Lakini kuvunjika mara chache si kutovunjika. Tena, kijana ambaye mashine hutulinganisha naye aghalabu ni mwanamke Mzungu wa Marekani, kwa hivyo alama zetu hazina budi kusomwa kwa busara. Mwaka 1996 watafiti waliowapima wanawake wazee wa vijijini nchini Gambia walichapisha kwamba wengi wao walikuwa na madini machache kuliko wanawake wa Uingereza, na bado mifupa yao haikuvunjika sana.

Funzo ni kwamba alama ya mashine si hukumu kamili. Nguvu za misuli, umbo la mfupa, uzito wa mwili na hatari ya kuanguka, yote huhesabiwa. Na maisha yetu yamebadilika. Watu wetu wanaishi miaka mingi zaidi kuliko babu zao, na wengi tunashinda ofisini na ndani ya matatu badala ya kupanda na kushuka miteremko.

NANI APIMWE?

Si kila mtu anayehitaji deksa. Wanaofaa kufikiriwa ni hawa:

Wanawake wa miaka 65 na zaidi, na wanaume wa miaka 70 na zaidi.

Mtu yeyote aliyepita miaka 50 na kuvunjika mfupa kwa kuanguka akiwa amesimama tu.

Mwanamke ambaye hedhi ilikoma kabla hajafika miaka 45, au aliyeondolewa ovari mapema.

Aliye na mzazi aliyevunjika nyonga.

Anayetumia dawa za steroidi, kama prednisoloni, kwa miezi 3 au zaidi. Jihadhari pia na tembe na unga wa maumivu ya viungo usio na jina unaouzwa sokoni, kwani baadhi yake hupatikana umechanganywa na steroidi.

Mwenye baridi yabisi, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au ugonjwa wa muda mrefu wa ini au matumbo.

Aliyekonda sana, anayevuta sigara, au anayekunywa pombe kupita kiasi.

Wasomaji hunitajia pia sindano ya kupanga uzazi ya kila miezi 3, na dawa ya tenofoviri wanayotumia watu wenye virusi vya Ukimwi. Ni kweli kwamba zote mbili hupunguza madini ya mifupa kwa kiasi. Lakini baada ya kuacha sindano hiyo, madini hurudi kwa sehemu kubwa, na faida ya dawa za virusi ni kubwa mno kuliko hatari hiyo. Asiwepo atakayeacha dawa kwa sababu ya makala haya. Zungumza na daktari wako kwanza.

Na kuna mtu ambaye hana haja ya kungoja mashine. Mzee aliyevunjika nyonga, au aliyebonyea pingili ya mgongo, bila ajali kubwa, amekwisha kujitambulisha. Anastahili kuanza matibabu hata kama hatawahi kulala juu ya kitanda cha deksa. Linalotakiwa kwanza ni vipimo vya damu vya kalisiamu, figo na mengineyo, na kuhakikisha kwamba si kifua kikuu cha uti wa mgongo wala saratani. Maradhi hayo mawili nayo hubomoa pingili, na yana tiba zake.

SAFARI YA KUTAFUTA MASHINE

Hapa ndipo penye taabu. Mashine za deksa nchini Kenya ni chache, na nyingi ziko Nairobi. Kwa mtu wa Meru, huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa barabara ya kupitia Embu. Kwa hivyo usipande gari kabla ya kupiga simu. Uliza bei, uliza kama mashine inafanya kazi siku hiyo, na uliza kama watapima nyonga na mgongo pamoja. Ikiwa unategemea bima, iwe ya kibinafsi au ya Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, pata jibu kuhusu malipo kabla ya kuondoka nyumbani.

Usiuze ng'ombe ili ulipie kipimo. Maziwa yake ni sehemu ya matibabu. Kama fedha hazipo, daktari wako aweza kukadiria hatari kwa kutumia hesabu iitwayo FRAX, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Sheffield cha Uingereza mwaka 2008. Huhitaji umri wako, uzito, kimo, na majibu ya maswali machache kuhusu mambo niliyoyataja hapo juu. Matokeo ya deksa yakiwepo, huongezwa. Yakikosekana, hesabu huendelea bila hayo.

KUPIMWA TENA

Mgonjwa akianza dawa, huwa na hamu ya kujua kama inafanya kazi. Lakini mfupa hauna haraka. Kupimwa tena baada ya miezi mitatu ni kupoteza pesa. Kwa kawaida tunangoja mwaka mmoja hadi miwili, isipokuwa kwa hali maalum kama matumizi ya steroidi nyingi.

Rudi kwenye mashine ile ile. Mashine mbili zaweza kutoa nambari mbili tofauti kwa mtu yule yule siku ile ile. Hata mashine moja hutofautiana kidogo kutegemea ulivyolazwa, kwa hivyo mabadiliko ya asilimia 2 au 3 huenda yasiwe na maana yoyote. Wala usikate tamaa kama alama haijapanda. Mfupa uliokuwa ukipungua kila mwaka na sasa umesimama pale pale ni ushindi. Ihifadhi ile karatasi ya kwanza kama unavyohifadhi hati ya shamba, kwa maana bila hiyo ya pili haisemi mengi.

DAWA NA CHAKULA

Dawa inayotumika sana ni tembe ya alendroneti, ambayo humezwa mara moja kwa wiki. Imeze asubuhi kabla ya kula chochote, kwa gilasi nzima ya maji matupu, si kwa chai. Kisha ukae wima au usimame kwa muda wa nusu saa, la sivyo yaweza kuunguza koo. Kuna pia dripu ya mara moja kwa mwaka na sindano ya kila miezi 6. Sindano hiyo ya miezi 6, iitwayo denosumabu, isikatizwe bila ushauri, kwani mifupa huweza kudhoofika ghafla.

Dawa bila chakula ni kujenga bila saruji. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 hivi za kalisiamu kwa siku. Kikombe kimoja cha maziwa kina karibu 300. Uji wa wimbi, omena wanaoliwa pamoja na mifupa yao, terere na sukuma wiki huongeza. Wale wanaotafuna miraa mchana kutwa wakumbuke kwamba huondoa hamu ya kula, na mwili usiolishwa hula mifupa yake. Vitamini D twaipata kutokana na jua, nasi tunaishi karibu na ikweta. Lakini mzee anayekaa ndani siku nzima halipati jua hilo. Mtoe nje.

Mwisho, zuia kuanguka. Weka taa au tochi karibu na kitanda cha mzee, hasa ikiwa choo kiko nje. Ondoa mikeka inayoteleza. Mpime macho. Muulize daktari kama dawa zake za shinikizo la damu humtia kizunguzungu. Na amtembeze mtu kila siku, kwa maana misuli yenye nguvu ni mlinzi wa mfupa.

Yule mama wa nyonga nilimwanzishia matibabu bila kumpeleka Nairobi. Alishangaa, akauliza, "Na ile mashine, daktari?" Nilimjibu, "Mama, nyonga yako imekwisha kutuambia." Aliyekwenda Nairobi ni binti yake. Ana miaka 49, hedhi yake ilikoma akiwa na miaka 43, na sasa ana mzazi aliyevunjika nyonga. Alama yake ya T ilikuwa hasi 1.9. Hajawa mgonjwa, ila amejua. Ameanza kutembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi kazini, na karatasi yake ameiweka kwa ajili ya kipimo kijacho.

Jioni ya leo, waulize wazee wa nyumbani kwako kama kuna aliyewahi kuvunjika mfupa baada ya kutimiza miaka 50, na aliuvunja akifanya nini. Jibu likiwa ni "niliteleza tu", usiliache lipite kama nilivyofanya mimi. Mpeleke kwa daktari wiki hii.